Sindulfa Alipoacha Tumbaku

"Chipa hii haina harufu," alisema Sindulfa, akairudisha kwenye ungo kama mtu aliyepewa jiwe.

"Haina harufu? Nimetia jibini, nimetia mbegu za anisi, mbwa wa jirani kesharuka ua anatikisa mkia, halafu wewe unasema haina harufu. Pua yako ndiyo mbovu, wifi."

"Labda."

"Labda nini?"

"Labda ni pua."

Nimeolewa na kaka yake Eladio zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumrushia Sindulfa neno lisirudi na mwenzake. Ukimwambia pua yako mbovu, angekujibu kwamba afadhali yake mbovu kuliko yako inayofika sokoni kabla yako. Ndivyo tulivyopendana. Siku hiyo nilimtukana akanikubalia, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya gogo la kuni. Mtu akikubali matusi yako namna hiyo, ujue hayupo.

Hapa Barrero nyumba nyingi zinaoka chipa, mikate yetu ya pete. Wanga wa muhogo, jibini, mayai, mafuta ya nguruwe, anisi, unakanda, unaviringa pete, unaoka. Wanawake wengine hupanda nazo mabasi ya barabara kuu, kikapu kichwani, na ndiyo riziki. Kwetu anayepanda mabasi ni mimi. Anayeoka ni Sindulfa, na kikapu changu kilikuwa kikiisha kabla ya vikapu vya wenzangu kwa sababu ya mkono wake, si kwa sababu ya sura yangu.

Tanuri letu ni la udongo, la kuba, alilijenga mama mkwe. Lina mdomo mbele na tundu nyuma. Unawasha kuni ndani, tundu liko wazi linatoa moshi. Kuta zikishika moto unafagia makaa, unaingiza chipa juu ya majani ya mgomba, unaziba mdomo, unaziba na tundu. Kujua wakati wa kuingiza na kuziba, hapo ndipo kazi ilipo. Wengi wetu tunatupa ganda kavu la hindi: likiwaka, tanuri bado kali, likigeuka kahawia taratibu, ingiza. Sindulfa hakuwa na haja ya ganda. Alipeleka mkono mdomoni mwa tanuri, akautoa, akasema "bado" au akasema "haya." Muda wote huo sigara nene ya kusokotwa imekaa pembeni mwa midomo yake, na katika maisha yangu sijaona jivu lake likianguka kwenye unga. Kwa watoto wa mtaa alikuwa akifinyanga chipa za wanyama, njiwa, kobe, mamba mwenye macho ya anisi. Hakuwatoza kitu.

Ugonjwa wake ulianza mwaka aliokufa mama yao. Alisema wanawake wa mabasini wanamsema. Nani angeshtuka? Wanawake wa mabasini wanamsema kila mtu. Kisha akasema redio inamsema. Kisha akasema kwenye wanga kuna vioo vilivyosagwa, akawamwagia nguruwe gunia zima, na nguruwe wakala wakanenepa, lakini hilo halikumshawishi. Halafu ikaja asubuhi ile. Eladio alitoka kuwasha tanuri, akasukuma kuni ndani, zikagoma. Akasukuma tena. Kuni zikasema, "Niache." Alikuwa yeye, Sindulfa, amejikunja humo kama mtoto tumboni, na mkononi mwa Eladio kiberiti kilikuwa kimeshatolewa. Akamvuta kwa mguu. Tangu siku hiyo mume wangu hawashi tanuri kabla ya kuingiza fimbo na kuizungusha mpaka kila pembe. Watu wanadhani anatafuta nyoka.

Walimpeleka Asunción, hospitali. Dawa ya kwanza ilimkausha kama ubao, mikono ikamtetemeka, pete ya chipa ikawa haifungi. Ya pili ilimtia kitu miguuni, akawa hawezi kukaa, anakwenda na kurudi barazani kutwa hadi tukamwekea kiti, akakizunguka. Ya tatu ndiyo iliyomshika. Hiyo ina masharti: kila mwezi lazima wamtoe damu waipime, maana inaweza kuiharibu. Ilimnenepesha, ilimlaza saa nyingi, usiku udenda ulimlowesha mto. Lakini sauti zilipungua mpaka akawa anazisahau, na akarudi tanurini, na siku ya kwanza tu aliponiona akaniuliza kama nilikuwa nikioka chipa au matofali. Nililia. Sikumwonyesha.

Ikawa hivyo kwa miaka. Basi mwezi wa Desemba tukaenda kuhiji kwa miguu Caacupé, kwenye kanisa la Bikira Maria, kama kila mwaka. Sindulfa alikwenda na sigara mdomoni akarudi bila sigara.

Kwetu hilo haliulizwi. Mtu akimwahidi Bikira kitu, ahadi hiyo ni siri yake na Bikira mpaka aitimize, na ukimtangazia umemharibia. Mimi ndiye ninayefua nguo zake, nilijua kwenye nguo. Harufu ya tumbaku ilitoka zikabaki kunuka sabuni. Nikanyamaza kama mtu aliyefunzwa. Eladio hakujua. Eladio ukimnyoa nyusi akiwa amelala, atagundua siku ya sensa.

Baada ya hapo wifi yangu akaanza kwenda. Hakwenda kokote, alikuwa hapohapo kwenye kiti chake. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia simama, anasimama, na usipomwambia kaa utamkuta bado amesimama. Udenda ukaanza kumtoka na mchana. Mtaa ukafurahi. "Bikira amemtuliza," walisema, wakimtazama kutoka kwenye ua kama sanamu ya maandamano ya kanisa. Eladio naye alifurahi. "Kwa mara ya kwanza nalala usingizi wangu wote," aliniambia, na kweli alikuwa akikoroma kwa amani.

Mtoto wa jirani alikuja akaomba mamba. Sindulfa akamtazama. Akachukua donge, akalishika, akalitazama na lile donge. Mtoto alingoja, akachoka, akaenda zake.

Kisha mkupuo mzima wa chipa ukaungua. Nilirudi kutoka barabarani nikakuta moshi mweusi unatoka kila tundu, na yeye amekaa mbele ya tanuri kwenye kigoda.

"Hukuona zinaungua?"

"Niliona."

"Sasa?"

"Sikuona sababu ya kuinuka."

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne. Nilipomshika mkono kumwinua niliona lengelenge refu kama kidole. Alikuwa amepeleka mkono mdomoni mwa tanuri kama siku zote, ila hakuutoa.

"Wifi, hukusikia moto?"

"Niliusikia. Ulikuwa mbali."

Nikachukua mimi tanuri. Chipa zangu si mbaya, ila hazina mtu ndani yake, na abiria wa mabasi si wajinga. Kikapu kikawa kinarudi nusu. Juma Kuu lilikuwa linakuja, na Jumatano ya Juma Kuu kila nyumba inaoka, Ijumaa hauwashwi moto, na familia zilizozoea mkono wa Sindulfa zilikuwa zimeshaleta oda. Ndipo nikampa ile chipa ya kwanza ya mkupuo wangu aionje anirekebishe, akaniambia haina harufu.

Kabla ya hayo, mwezi wa Januari, kwenye kliniki anakotolewa damu kulikuwa na daktari wa kushikilia nafasi, kijana, mpole. Alimtazama Sindulfa, akamuuliza kama anasikia sauti. "Hapana." Akauliza, "Bado anavuta?" Eladio akajibu, "Kama kawaida." Daktari akasema mgonjwa yuko vizuri sana, dawa iendelee vilevile. Na kwa mtu aliyemtazama mara moja tu, alikuwa vizuri. Gogo nalo liko vizuri.

Mwezi wa Machi daktari wetu mwenyewe, Lezcano, akarudi kutoka likizo ya uzazi. Kwa desturi anapita nyumbani. Nilimwekea kiti barazani, nikamtilia tereré, ile chai yetu ya majani na maji ya barafu, akainywa huku anamtazama Sindulfa. Akamwomba anyooshe mikono. Akamuuliza choo kinapatikana mara ngapi, Sindulfa akasema hakumbuki. Akamuuliza amekasirika lini mara ya mwisho. Akasema hakumbuki.

"Mna habari gani nyingine ndani ya nyumba?" daktari akaniuliza. "Dawa nyingine? Za kienyeji? Homa?"

"Hakuna," akasema Eladio. "Ametulia tu. Tunashukuru."

Hapo ndipo Ña Kandé aliposukuma lango la uani bila kubisha hodi. Huyu ni mama wa nyumba ya tatu, anasokota sigara kwenye paja lake tangu kabla sijazaliwa, na mtaa mzima unavuta sigara za mkono wake.

"Sikujua mna mgeni," alisema, akavuta kiti. "Si kitu, nitasema haraka. Nimekuja kwa deni langu. Huyu Sindulfa alichukua fungu la sigara kwangu siku ya kuamkia safari ya Bikira, akasema nikirudi nakulipa. Krismasi imepita, kanivali imepita. Hata kuja kuchukua jingine hajaja. Anapita mlangoni kwangu kama ng'ombe. Kama amepata msokotaji mwingine aseme, mimi sina kinyongo."

"Unacho," nikasema.

"Ninacho kidogo," akakubali Ña Kandé.

Daktari alikuwa ameshatoa bombija, ule mrija wa tereré, mdomoni. "Tangu safari ya Bikira hajachukua sigara?"

"Hata ya kuomba."

"Doña Sindulfa, uliacha kuvuta?"

Sindulfa akanitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi kunitazama kama anataka kitu.

"Daktari," nikasema, "hilo ni la kwake na Bikira."

"Sitaki kujua aliahidi nini. Nataka kujua kama moshi unaingia au hauingii."

"Hauingii," akasema Sindulfa.

Daktari akaweka tereré chini. Akatueleza, na nitasema alivyosema, maana nilimrudisha nyuma mara tatu mpaka ikakaa. Alisema ndani ya ubongo kuna kitu kinachopita kutoka chembe hadi chembe kikisema, hiki ni cha maana, kitazame. Wewe unanusa chipa, kinapita, mkono wako unanyooka wenyewe. Kwa Sindulfa akiumwa, kinapita ovyo: mlango unalia, nacho kinamwambia mlango unakusema wewe. Dawa hukalia viti ambavyo kile kitu hukalia. Viti vya kutosha vikikaliwa, kelele hupungua na mtu anakaa na watu. Vikikaliwa vingi kupita kiasi, hakuna kinachopata pa kukaa. Harufu inafika puani, lakini haimwambii mtu kitu. Moto unafika mkononi vilevile.

"Na tumbaku inaingiaje hapo?" Eladio aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuziwa mbuzi kilema.

"Kwenye ini. Moshi wa tumbaku unalifanya ini liunguze dawa hii upesi. Alikuwa akivuta kutwa, kwa hiyo tulimpa dozi kubwa, sehemu kubwa ilikuwa ikiishia hapo. Moshi ukakoma, ini likapoa, dozi ikabaki ileile. Inajaa ndani."

"Kuni zilezile na tundu limezibwa," nikasema.

"Ndiyo. Na hii chai yenu ya kutwa inazidisha kidogo. Hata kifafa kingeweza kumpata. Nitamtoa damu leo, lakini sitaki kungoja majibu ya Asunción. Dozi ianze kupunguzwa."

Ña Kandé akasema taratibu, "Kwa hiyo sigara zangu zilikuwa dawa."

"Hapana, mama."

"Nimeuliza tu."

Eladio alikuwa ameinuka. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na akiyatoa anayatoa yote mahali pamoja. "Haipunguzwi. Daktari, wewe ni mtu mwema, una kitoto kidogo, utaondoka hapa saa hii. Mimi nabaki. Hujamkuta mle ndani. Hujashika kiberiti ukasikia kuni zinakusemesha. Mnasema amekuwa gogo. Gogo haliingii tanurini lenyewe. Niacheni na gogo langu."

Eladio alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilikuwa na haki ya kumtaka wifi yangu, na haki hizo mbili zilikaa barazani zikitazamana.

Sindulfa akafuta udenda kwa upande wa mkono. Maneno yalimtoka kama anayabeba moja moja kutoka chumba cha nyuma.

"Eladio. Mle tanurini niliingia kutafuta kimya."

"Najua, dada."

"Kilikuwepo. Sasa kipo na huku nje. Kimya kilekile." Akapumzika. "Ulinivuta mguu. Nivute tena."

Eladio akaketi. Kisha akamuuliza daktari, "Kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Na akirudi kuvuta, hata moja, mje siku hiyohiyo, maana hapo itapungua kuliko tunavyotaka. Akikosa usingizi, mje. Akianza kusema habari za vioo, mje mbio."

"Hatavuta," akasema Ña Kandé kwa huzuni ya mfanyabiashara, akainuka, akaondoka. Deni hakulitaja tena siku hiyo.

Tulipunguza. Eladio ndiye aliyekata vidonge kwa kisu cha kukatia jibini, alitoa jasho kama anapasua mtu. Kila asubuhi alimuuliza dada yake swali moja kuhusu wale wa sauti, "Wapo?" naye alijibu, "Hawapo." Majibu ya damu yalipokuja, daktari alisema afadhali hatukungoja.

Sitadanganya kwamba jua lilichomoza. Aliamka kwa vipande. Kwanza alilalamika kwamba lile lengelenge, lililokwisha kupona, linawasha. Kisha akasema supu ina mafuta. Kisha akasukuma sahani, jambo ambalo hakulifanya tangu Krismasi, na mimi nikamwambia asile basi afe, naye akasema, "Nitakula kesho akipika mwingine," polepole, lakini alisema.

Asubuhi moja Eladio akauliza, "Wapo?" na yeye akakawia.

"Mmoja. Yuko chumba cha pili. Anaongea chini."

Mume wangu akavuta kiti karibu naye. "Anasemaje?"

"Anasema chumvi imepungua kwenye chipa za Blasida."

Blasida ni mimi. Eladio akanigeukia. Nikachukua chipa moja, nikauma, nikatafuna mpaka mwisho.

"Imepungua," nikasema.

Tulikwenda kwa daktari siku hiyohiyo kama tulivyoagizwa. Alimuuliza Sindulfa kama huyo mmoja anamwamuru kitu, akasema hapana, anamkera tu, kama mtu wa familia. Daktari akasema basi tusimame hapo, tusipunguze zaidi. Dozi ikabaki hapo. Udenda ulirudi usiku, mchana ukakoma. Usingizi bado mrefu. Asubuhi nyingine bado yuko mbali, macho yake yanafika kwako baada ya wewe kufika. Hayo ndiyo tuliyopata, nami nisingeyauza.

Jumatano ya Juma Kuu Eladio aliingiza fimbo tanurini, akaizungusha kila pembe, akawasha. Mimi nilikanda. Sindulfa akakaa kwenye kigoda mpaka kuta zikageuka nyeupe, nikafagia makaa, nikainama kuokota ganda la hindi.

"Weka hilo chini," alisema.

Akapeleka mkono mdomoni mwa tanuri. Eladio alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake tayari karibu na kiwiko cha dada yake. Sindulfa akautoa mwenyewe, haraka, akaupuliza.

"Bado. Mna haraka ya nini, mmeitwa mbinguni?"

Tukangoja. Akajaribu tena, akasema "haya," tukaingiza, akaziba mdomo, akaenda nyuma akaziba tundu. Zilipotoka alivunja moja akaiweka puani, akakaa nayo pale. Sikumuuliza kama inanukia. Alichosema ni kwamba jibini nimelinunua kwa mwizi.

Alasiri Ña Kandé akaja na sahani yake tupu iliyofunikwa kitambaa, maana Jumatano hiyo hakuna anayepita mtaani bila kupewa chipa. Sindulfa akaingia ndani, akasogeza kopo la anisi, akatoa nyuma yake fungu la sigara, uzi wake haujafunguliwa.

"Sijaligusa," alisema. "Nilikuwa nimeshalichukua kabla sijajua nitaahidi nini."

Ña Kandé akalinusa. "Limekauka. Hili haliuziki tena."

"Ndiyo maana nakulipa chipa." Akamwekea sahanini pete nne, na juu yake mamba, mkia umepinda upande mmoja, macho mawili ya anisi.

Ña Kandé akamng'oa mamba kichwa, akatafuna taratibu. "Anisi imezidi."

"Meno yamepungua," akasema Sindulfa.

Ña Kandé akaendelea kutafuna. Akafunika sahani, akatia lile fungu kavu kwapani.

"Basi hunidai wala sikudai," alisema, akaenda zake.